Dodong wa Mwaka wa Themanini na Moja

"Mwaka mzima mmeupigia kistari! Kwani mwaka ule tulicheza karata?"

Eleuterio Magdadaro, fundi cherehani wa pale sokoni, alikuwa amemsimamia Nenita, katibu wa kamati ya sikukuu, kidole kikiwa juu ya karatasi. Ligi ya mpira wa kikapu ya mji wetu ilikuwa inatimiza miaka hamsini, na Jumapili lingetundikwa bango la wafungaji bora wa kila mwaka. Mwaka wa 1981 ulikuwa pengo.

"Takwimu zake zimepotea, Nong," alisema Nenita. Nong ndivyo tunavyomwita kaka mkubwa, hata akitukera. "Niandike ndoto zako?"

"Andika Procopio Lumapas."

"Miaka arobaini unamwimba Procopio. Ushahidi uko wapi?"

Procopio, marehemu sasa, alikuwa mchuuzi wa samaki na mchezaji wa timu ya Soko. Eleuterio ndiye aliyemshonea jezi, na hakukosa mchezo wake hata mmoja. Jina la rafiki yake likikosa bango hili, bango jingine litatoka wapi?

Akaanza kusaka daftari la pointi. Ofisi ya mji ilikuwa na panya, daftari hapana. Kanisani walimpa daftari la ubatizo. Siku ya tatu akabisha kwa Amparo, mjane wa mtu aliyekuwa akiandika pointi mwaka ule.

"Daftari la mpira?" mama yule alicheka. "Hilo hapo, linashikilia kabati langu lisiyumbe. Ukilichukua, nitafutie kibao."

Akatafuta kibao, akachonga, akachomeka. Ndipo akakaa sakafuni kujumlisha. Mfungaji wa kwanza: Dodong, pointi mia mbili sabini na nne.

Akakuna kichwa. Kwetu Dodong ni kijana yeyote wa kiume: wako, wangu, wa jirani. Akafunua tena, akamkuta Dodong akiichezea Soko, na jioni ileile Dodong akiichezea Bandari.

"Mama, huyu mtu alikuwa akijikaba mwenyewe?"

"Mume wangu alitoka kaskazini, lugha yetu hakuijua," alisema Amparo. "Akiuliza nani kafunga, watu wanamwambia, 'Dodong yule!' Maskini, akadhani ndilo jina. Aliwahi kuniambia mji huu una mchezaji mmoja hodari, ila hana msimamo, kila siku timu nyingine."

Eleuterio alicheka mpaka akashika kabati. Kisha akampigia simu Nenita.

"Basi umeshinda!" Nenita alisema. "Dodong ni Procopio, pointi 274. Mchapaji ananingoja. Nani atauliza?"

Hakuna ambaye angeuliza. Ulimi ukamwasha Eleuterio kweli aitikie.

"Ngoja," akasema, akalifunua daftari upya.

Timu ya Soko ilikuwa karibu yote ya watu wazima, walioandikwa Nong Fulani. Kijana alikuwa mmoja tu. Kwa hiyo Dodong wa Soko ndiye Procopio, hakuna mwingine. Akamhesabia: mia moja themanini na saba. Zilizobaki ni za vijana wa watu. Na chini ya Dodong, kwa jina kamili kila ukurasa, Sergio Abellana wa Bandari: mia moja tisini na moja. Sergio alikuwa akifunga kikapu, anakwenda mwenyewe mezani kwa mwandishi wa pointi kulitaja jina lake herufi kwa herufi. Majivuno nayo yana faida yake.

Pointi nne!

"Andika Sergio," Eleuterio alisema. "Na chini yake, kwa herufi hizohizo, Procopio Lumapas, mfungaji wa pili. Usipoandika, nalichana bango."

Jumapili alisimama chini ya bango akilisoma jina la rafiki yake, Lumapas, bila herufi kukosewa, na roho yake ikatulia kama mtu aliyeshiba. Sergio akaja nyuma yake, tumbo mbele.

"Fundi! Mwaka ule ulisema nikimpita Procopio unanishonea suruali bure. Ulisema mbele ya watu."

"Nilisema."

"Basi?"

Eleuterio akavuta futi shingoni, akamzungushia kiunoni, ncha zisikutane.

"Dong," akamwambia mzee mwenzake, akifupisha Dodong kana kwamba bado ni kijana, "niliahidi suruali, sikuahidi hema."

Lakini aliishona, na Jumatano akampelekea, imepigwa pasi.