Vigae vinne vya mwisho vya Mama Mraba

Saa mbili asubuhi, Mama Mraba amekaa kwenye kigoda katikati ya chumba cha uani, mguu wa kulia ameunyoosha mbele yake. Anagonga kigae kwa mpini wa mwiko, anainamisha kichwa, anasikiliza. Kisha anagonga kinachofuata.

"Kigae kilichoshika kinajibu kwa sauti nene," anasema polepole, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. "Chenye uwazi chini yake kinalia kama kikombe. Hata ukinifunga macho nitakuonyesha kilipo."

Anashusha mpini na kugusa goti lake la kulia, ambalo kovu limepita katikati, refu na laini. "Hili sasa halijibu kitu. Linauma tu."

Chumba kina mita tatu kwa tatu na sakafu yake ina rangi ya maziwa. Mwanga wa dirishani umelala juu yake, umetulia kama maji ndani ya karai. Ni kona moja tu iliyo wazi, chini ya dirisha, penye nafasi ya vigae vinne. Hapo saruji iko tupu, na imejaa vistari vya penseli.

Leo anataka kuiziba kona hiyo. Akiweza bila kupiga magoti, Jumatatu atarudi kazini. Akishindwa, amemwahidi mumewe kwamba mwiko utaingia kabatini na hautatoka tena.

Mama Mraba ana miaka hamsini na tisa. Jina hilo alipewa na mafundi wenzake, kwa sababu hakubali pembe isiyo mraba hata chooni, hata nyuma ya mlango. Ametandika vigae kwa miaka thelathini na mitatu, na miaka yote hiyo ameipitisha akiwa amepiga magoti.

"Siku nzuri nilikuwa namaliza mita za mraba kumi na mbili," anasema. "Watu wananifahamu kwa kisogo. Wengine wakikutana nami nimesimama, hawanijui."

Goti la kulia ndilo lililotangulia kuchoka. Kwa miaka sita alilifunga kitambaa, akalipaka dawa za kila rangi na kulala akiwa ameliwekea mto. Miezi minane iliyopita, daktari wa mifupa aliliondoa lililosagika na kuweka jipya, la chuma na plastiki.

Alirudi nyumbani akiamini kwamba baada ya miezi miwili atakuwa mzima tena. Jirani yake mmoja alifanyiwa upasuaji kama huo, na wiki ya nane tayari alikuwa akienda sokoni na kikapu.

Wiki ya nane ya Mama Mraba ilimkuta kitandani, pazia limefungwa. Asubuhi goti lilikuwa gumu kama bawaba yenye kutu. Mchana lilitulia, jioni likawaka moto. Akayapa maumivu hayo jina: mpangaji.

"Mpangaji kaamkaje leo?" mumewe, dereva mstaafu, huuliza kila akileta chai.

"Kaamka na magoma yake."

Hakumwambia mtu mwingine. Kila alipokwenda kliniki, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, binti wa umri wa mwanawe wa mwisho, alimuuliza, "Mama, maumivu yakoje?" Naye alijibu, "Nashukuru mwanangu, yanakwisha."

Kwa nini? Mama Mraba anapangusa mwiko kwa pindo la khanga.

"Niliogopa wataniambia goti limekataa. Nilidhani nisiposema, halitakuwa kweli."

Mazoezi nayo aliyaacha kimyakimya. Kukunja goti kuliuma, kwa hiyo hakulikunja. Kadiri alivyolala ndivyo lilivyokaza, na kadiri lilivyokaza ndivyo alivyolala.

Mwezi wa tano baada ya upasuaji, siku ambayo mumewe aliondoka alfajiri kwenda kutazama mpira kwa rafiki yake, alichukua mwiko, ndoo ya gundi na kigoda. Alitaka kujijaribu kwenye chumba cha uani, ambacho kilikuwa na saruji tupu tangu nyumba ijengwe.

Kila fundi wa vigae, hata aliyeanza jana, anajua kwamba kazi inaanzia ukuta wa mbali na kuishia mlangoni. Unatandika ukirudi nyuma, na mwisho unatoka zako. Kigae kibichi hakikanyagwi hadi kesho yake.

Mama Mraba alianzia mlangoni.

"Mguu ulikuwa unauma, nikakaa palepale nilipoingilia," anasimulia, na kicheko kinaanza kumtoka. "Nikaweka safu ya kwanza. Kila nikisogeza kigoda nyuma, mguu unanyooka, napata nafuu. Basi mimi nikawa naifuata nafuu yangu. Kuinua macho, kumbe niko chini ya dirisha! Sakafu yote mbichi mbele yangu, nyuma yangu ukuta, dirishani nondo."

Zamani angeruka. Siku hiyo hata kusimama kulikuwa na hesabu yake.

Aliita. Aliyesikia ni wifi yake, dada wa mumewe, anayeishi nyumba ya pili. Alichungulia dirishani, akatazama, akatazama tena.

"Wifi," alisema, "umejijengea jela mwenyewe?"

"Usicheke, niletee maji na vidonge vyangu."

"Ngoja kwanza nikaite watu, haya si ya kuona peke yangu. Fundi mzima!"

Mumewe aliporudi, alisimama mlangoni na kuvua viatu, tayari kuingia kumbeba.

"Ukikanyaga kigae changu," mkewe alimwambia kutoka kule konani, "usinijue, nisikujue."

Basi Mama Mraba akakaa huko, tangu saa saba mchana hadi karibu saa kumi na mbili jioni, gundi iliposhika kiasi cha kutandaza mbao juu yake. Chakula kilipitia kwenye nondo. "Na habari za haja ndogo na ndoo iliyokwisha gundi msiniulize," anasema.

Ndani ya saa hizo mpangaji aliamka. Hapakuwa na kitanda cha kukimbilia wala pazia la kufunga. Akibaki ametulia, goti lilikaza na kuuma zaidi. Akaanza kuvuta kisigino kuelekea kwake, kidogo, kisha kukirudisha, kama alivyofundishwa kliniki. Kisigino kikachora mstari kwenye vumbi. Alipofika mwisho wa uwezo wake, akachukua penseli ya sikioni akaweka alama.

Baada ya muda alivuta tena. Kikapita alama kwa upana wa kucha.

"Maumivu hayakuondoka," anasema. "Lakini tulikaa pamoja. Kwa mara ya kwanza sikuyakimbia, nayo hayakunifukuza."

Mchana usingizi ulimchukua, kichwa kikiwa ukutani. Aliota sakafu zote alizowahi kutandika zimeungana na kuwa sakafu moja, jikoni za watu, madarasa, wodi, maduka, haina kuta wala mwisho. Watoto walitambaa juu yake, wanawake waliipiga deki, na maji yaliteleza kwenda mbali yaking'aa. Yeye alipita pekupeku, na chini ya kila hatua kigae kilijibu kwa sauti nene. Alipoamka, mwanga wa dirisha ulikuwa umehamia ukuta wa pili.

Wiki iliyofuata, kliniki, mtaalamu alipouliza, Mama Mraba alisema, "Yananiuma, mwanangu. Nilikuwa nakudanganya."

Binti yule aliweka kalamu chini. Alimpeleka kwa daktari, goti likapigwa picha, damu ikapimwa. Chuma kilikuwa mahali pake na hapakuwa na usaha wala ufa. Aliambiwa kuwa kuna watu ambao maumivu hukaa nao mwaka mzima, na kwamba goti lisilokunjwa huzidi kukaza. Abadilishiwe dawa, aweke barafu jioni, arudie mazoezi kila siku.

"Na kupiga magoti?" aliuliza.

"Kidogo, kwa dharura. Kutwa nzima kama zamani, hapana, mama."

Alilia njiani. Siku ya pili mumewe alifungua magurudumu ya kiti kibovu cha ofisi, akayapigilia kwenye ubao mpana na kuutandika sponji. Ukawa kigari kifupi, cha kukalia karibu kabisa na sakafu.

"Nimeendesha malori miaka yote," alimwambia. "Sasa endesha wewe."

Kwa miezi mitatu Mama Mraba amekataa kuziba kona. Kila asubuhi anakaa hapo, anavuta kisigino, anaweka alama. Leo vistari ni vingi, na cha mwisho kiko karibu naye kuliko cha kwanza kwa kiganja kizima.

Saa tatu na nusu anahamia kwenye kigari. Anapaka gundi, anainama kutoka kiunoni, mguu wa kulia ukiwa pembeni. Kigae cha kwanza kinakaa. Cha pili. Kwenye cha tatu anapumzika, uso umekunjamana, anavuta pumzi na kukunja goti mara tano kabla ya kuendelea.

Wifi yuko dirishani. "Wifi, alama zako zote hizo hukuzifuta?"

"Nazifunika."

Anaweka cha nne, anakibonyeza, anakigonga. Anainamisha kichwa. Anagonga tena, kwenye ncha. Kinalia kama kikombe.

Mumewe mlangoni anashika fremu.

Mama Mraba anachomeka mwiko, anaking'oa, anaongeza gundi na kukirudisha. Anagonga. Sauti inatoka nene na fupi.

Jumatatu ataanza ukumbi wa shule ya chekechea, nusu siku nusu siku, na ameomba wiki tatu badala ya moja. Ataanzia ukuta wa mbali. Anataka pia kuwachukua wanawake wawili awafundishe kutandika wakiwa wamekaa, kabla magoti yao hayajachakaa.

Anarudi nyuma na kigari juu ya vigae vya zamani hadi mlangoni. Mumewe anamshika mkono asimame, naye anasimama kwa awamu mbili.

"Mpangaji anasemaje?"

"Yupo," anasema, akitazama kona. "Mtu asikanyage pale hadi kesho. Kesho napita mwenyewe."