Mbege Iliyovuka Ukingo wa Pipa

Mwanangu, kati ya siku zote nilizoziacha Lemara, ipo moja inayonifuata kila mji ninaohamia. Ilikuwa asubuhi ya posa ya kaka yangu Elia. Wakwe walikuwa wakitusubiri Kisongo, Wachaga wenzetu, na kwetu mazungumzo ya posa hayafunguliwi bila pombe yetu ya mbege. Shangazi Manka alikuwa ameipika kwa mikono yake, ndizi na ulezi, ikatulia kwenye pipa mlangoni mwa jiko, juu ya ngazi, machicha yamezama chini.

Zamani tungeichota kwa kata na kuivuruga. Lakini miaka ile maduka ya mjini yalikuwa yameanza kujaa vitu vya nje, na Elia alikuwa amenunua mpira mrefu wa maji, wa plastiki inayoonyesha ndani kama kioo, wa kuihamishia mbege kwenye dumu. Dumu la kupokelea tuliliweka juu ya meza, maana kwetu pombe ya posa haiguswi na sakafu.

Baba mdogo Josefu akavuta kwa mdomo. Mbege ikapanda, ikatiririka kidogo, ikakata. Akavuta tena. Ikakata.

“Josefu, unahamisha au unaonja?” Shangazi akauliza.

“Mpira umeziba, dada!”

“Ungeziba si tungeona?”

Elia alikuwa ameshavaa suti, jasho linamtoka. Nje pikapu ya kukodi ilipiga honi. “Tukichelewa watasema tumewadharau,” akanong'ona. “Hawatanipa binti yao.”

Shangazi akaachana na mpira. Akainama, akatazama mbege ya kwenye pipa, kisha ya kwenye dumu. Zilikuwa usawa mmoja.

“Itaendaje, na huko ni kimo kilekile? Lishusheni dumu.”

“Chini?” Baba mdogo akashtuka. “Pombe ya posa?”

Shangazi akatoka nje. Alikata majani ya mgomba, akayatandika chini, mwisho wa ngazi za jiko, mengi, mpaka yakawa kama godoro. “Haya. Sasa imetandikiwa.”

Baba mdogo akavuta mara moja tu. Mwanangu, tuliiona kwa macho yetu: ilipanda ndani ya mpira, ikavuka ukingo wa pipa, ikashuka ngazi yenyewe, bila mtu kuisukuma. Baba mdogo akavua kofia. Tukasikiliza dumu likijaa, kama tuko kanisani.

Mchana ule wakwe walikunywa, na Elia akapewa mke. Baadaye sekondari nilifundishwa sababu yake, lakini mshangao haukuniisha. Hata leo nikiona maji yakipanda mpira, nasimama njiani.

Basi, mwanangu, jambo likikukwamia, usikimbilie kuvuta kwa nguvu zaidi. Tazama kwanza umeliweka wapi. Na ukiona desturi ya wazee imesimama njiani, usiipige teke, itafutie majani. Mungu akupe macho ya Shangazi Manka, na popote utakapolazimika kushuka chini, ukute umetandikiwa.