Yarune na Mlango Mfupi wa Gorhald

Bondeni, kwa wajomba zake, Yarune aliitwa Kisiki. Huku mlimani, kwa baba yake, aliitwa Ngongoti, eti mrefu mno. Na mwili ni ule ule mmoja! Mama yake alikuwa mtu wa bondeni, baba yake Brondar kibete halisi mwenye ndevu za kufika mkandani, naye binti yao akatoka katikati, kama sisi machotara wote tunaoishi hapa kwenye mdomo wa pango. Ndani zaidi haturuhusiwi kujenga. Eti tutagonga vichwa.

Namjua tangu tukiwa wadogo. Alichonga mawe ya kusagia, kazi ya juani ambayo vibete halisi wanaikwepa na bado wanaidharau. Kidevuni alikuwa na vinywele vichache, na kila siku ya mapumziko alivisuka kwa makini kama mwenye ndevu za kutosha. Ukimcheka, anakucheka wewe mpaka ujute. Mapafu ya Brondar yalipojaa vumbi la mgodi, ndugu zake wa ndani walikuja mara moja, wakaacha jibini la mbuzi, wakaenda zao. Yarune ndiye aliyemlisha uji wa uyoga, akamgeuza kitandani, na mwisho akamfumba macho.

Kwetu, aliyemfumba marehemu macho ndiye anayemtangulia kaburini na taa. Hapo hapana ubishi. Ubishi uko mlangoni. Mlango wa makaburi ya Gorhald ulikatwa kwa kimo cha kibete, na anayepita pale hainamishi kichwa, kwa sababu kuinama mbele ya wafu ni kukiri kwamba umewakosea. Basi sisi warefu tumezoeshwa kupita kwa magoti. Kichwa juu, magoti chini, kokoto zinakuchana, na watu wanacheka huku wameziba midomo. Dada yangu alipita hivyo akiwa mjamzito. Inaniuma mpaka leo.

Tulifika na machela, mimi nimeshika pembe ya nyuma. Mzee Orbrek, mkuu wa makaburi, alikuwa ameshasimama pale na fimbo yake. Tukaiweka machela chini.

"Haya binti, piga magoti tumalize," akasema. "Watu wana kazi zao."

"Sipigi," Yarune akajibu.

"Husikii? Au huko juu kichwa kilipo sauti haifiki?"

Watu wakaangua kicheko. Kwenye mazishi!

"Inafika, Mzee. Baba yangu alinifundisha kusimama akinishika mikono yote miwili. Leo nimpeleke kwa kutambaa?"

"Kupiga magoti si kutambaa."

"Basi tangulia wewe kwa magoti, tukuone."

Kicheko kikakatika. Melka, dada wa marehemu, akaja mbio na kumshika mkono. "Yarune mwanangu, usituaibishe jamani. Ni hapo tu. Wenzako wote wamepita."

"Ndiyo, shangazi. Wote wamepita, na mlango uko vilevile."

"Basi Brondar atalala nje na mbwa," Mzee Orbrek akasema, "na wa kulaumiwa ni wewe."

Hapo nilitamani nimrukie. Mtu amechimba mlima huu maisha yake yote, mapafu yake yameishia humu humu, halafu alale nje kwa ajili ya shibiri moja ya jiwe! Wazee wazima, na ndevu zao zilizopakwa mafuta, hawaoni haya?

Yarune hakubishana tena. Alinikabidhi taa, akachomoa nyundo na patasi mkandani, akaanza kugonga jiwe la juu ya mlango. Mzee Orbrek alinyoosha mkono amzuie, kisha akaurudisha haraka. Sote tulielewa kwa nini. Humu mlimani nyundo ikishaanza kugonga haikatizwi mpaka jiwe liachie, maana anayeikatiza huuporomosha mlima, na hilo hata mtoto anayenyonya analijua. Sheria yao wenyewe! Wakabaki wamesimama, ndevu zinawatetemeka, wanatazama mlango wa mababu ukimeguka.

"Mharibifu!" Mzee akafoka. "Damu chafu we!"

"Endelea, Mzee," Yarune akasema bila kugeuka. "Nagonga kwa mdundo wako."

Jiwe likaachia. Akajifuta vumbi usoni, akachukua taa yake, akapita wima. Sisi tukafuata na Brondar, na safari hii hakuna aliyecheka. Ndani aliiweka taa kichwani pa baba yake, akakaa naye kidogo, akatoka macho mekundu.

"Mlango utarudishwa," Mzee Orbrek akamwambia. "Kesho asubuhi."

"Urudisheni. Baba yangu ameshaingia."

Na kweli waliurudisha, kwa jiwe gumu zaidi, tena wakalishusha chini kuliko la kwanza, makusudi. Yarune wakamkataza kuuza mawe yake ndani ya mlima. Sasa anayabeba mgongoni hadi bondeni, kwa wale wanaomwita Kisiki, na nikimpa pole ananiambia pole nikawape wenye mlango.

Baba yangu naye sasa anakohoa, kikohozi kile kile cha vumbi. Jana alinisikia nikinoa patasi, akaniuliza kutoka kitandani nanoa ya nini. Sikumficha, nikamwambia. Alicheka mpaka kikohozi kikamshika, na kilipomwachia akasema, "Noa vizuri, mwanangu. Lile jiwe gumu."