Haragwe la Mzee Wilibrodi

Mwalimu Coleta alikulia Kizwite, mjini Sumbawanga, na maishani mwake hakuwahi kulima zaidi ya matuta mawili ya mchicha. Ndiyo maana kosa lake hakuliona mapema.

Anafundisha Uraia katika shule ya msingi kijijini, upande wa Kate. Wiki ile ng'ombe wa Ngeleja, mfugaji Msukuma, walikuwa wameingia shambani kwa Mzee Wilibrodi, Mfipa, na wanaume walianza kutembea na fimbo. Wiki hiyohiyo wanafunzi walipaswa kuchagua kiranja mkuu: Minza, binti wa Ngeleja, au Edwin, mjukuu wa Wilibrodi.

Miaka yote watoto walijipanga nyuma ya mgombea wao. Safari hii Coleta aliogopa. Mtoto atakayeonekana upande usio wa kwao, nyumbani atapigwa. Akaagiza kila mmoja aje na punje ya hindi na haragwe moja. Hindi ni Edwin, haragwe ni Minza. Unatumbukiza moja chunguni, nyuma ya pazia, na hakuna atakayejua.

Maharage ishirini na saba, mahindi ishirini na matatu.

Yalikuwa bado kwenye ungo Mzee Wilibrodi alipoingia, watoto wameshamweleza kila punje ni ya nani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kashinda Msukuma? Basi kesho na ng'ombe waandikishwe darasa la kwanza." Akainamia ungo. "Wasukuma humu hawafiki kumi. Wafipa gani walionigeuka? Hili jeupe ni la kwa Zenon. Haya ya njano ya kwa Baltazari, hakuna mwingine anayeyapanda."

Coleta akayatazama maharage upya. Kumbe mkulima huijua mbegu ya jirani yake.

Kidole cha mzee kikasimama. Haragwe jeusi lenye doa jekundu. Mbegu aliyoachiwa na mama yake. Kijiji kizima anayo yeye peke yake. Pale mlangoni, Edwin aliinamisha kichwa.

"Babu, si ulisema kujichagua ni majivuno?"

Coleta hakungoja jibu. Alinyakua ungo, akakimbilia jikoni, akamwaga kura zote kwenye sufuria la makande ya watoto na kuanza kukoroga. Maji ya moto yakamrukia. Akasikia fimbo ikigonga sakafu nyuma yake. Hakuthubutu kugeuka.

"Mwalimu," sauti ya mzee ilisema, "hayo meusi hayaivi upesi. Ongeza kuni."

Akaongeza. Hata hivyo, jioni alimsindikiza Edwin mpaka mlangoni kwao.