Sabuni ya Bibi Harusi

Dada yangu alikuwa anaolewa Jumamosi, na mimi nilishatangaza kwamba ataoga sabuni niliyoipika mwenyewe. Shida ni kwamba mwaka uliotangulia krimu yangu ilimchubua uso, akaenda ubatizo wa mtoto wa jirani amejifunika mtandio mpaka puani. "Sabuni yako nioge mimi? Thubutu," akasema. "Kaipime kwanza."

Nikaenda kuipima. Nilibeba vipande hadi Nyarugusu, kwa kina mama wanaosuuza mchanga wa dhahabu, wakanawa mikono mmoja mmoja. Wote wakasema haiwashi hata kidogo. Nilirudi kwa bodaboda naimba kwa sauti, dereva akaniuliza kama nimepata mali.

Shangazi yetu, mkunga mstaafu, alicheka mpaka akashika ukuta. "Mikono ile inashinda kwenye mawe na maji, hata pilipili haiisikii. Kwani dada yako ataoga viganja tu?"

Jumatano asubuhi akanipaka povu ndani ya kiwiko, akafunika kwa nailoni, akafunga kitambaa. Adhuhuri tukafungua: nyekundu kama nyanya. Dada alichungulia, akageuka akaondoka. Iliniuma kuliko mkono.

Shangazi alichukua mkono wangu wa pili, akaweka pamba ya maji matupu, nailoni ileile, muda uleule. Tukafungua jioni. Nyekundu vilevile! Kumbe ni jasho na nailoni, sabuni ya watu inasingiziwa. Nilicheza uani nimenyoosha mikono yote miwili hewani, kuku wakakimbia.

"Tulia," shangazi akasema. "Sasa pima kama mtu anavyooga. Paka, suuza, futa, subiri." Mikono ilikuwa imeharibika, basi nikapima shingoni, Alhamisi asubuhi na jioni. Ijumaa shingo ilikuwa safi kabisa.

Nilikimbia kumwambia dada. Nikamkuta anatoka bafuni, ananukia sabuni yangu.

"Naoga nayo tangu juzi," akasema.

"Na majibu yalikuwa hayajatoka!"

"Nilikuona umekaa na mkono umefungwa, umegoma hata kula ugali. Nikajua safari hii huwezi kuniunguza."

Nilikaa juu ya ndoo pale mlangoni nikalia, huku nacheka, naye akanimwagia maji miguuni.