Bi Harusi wa Gatini

Haya, kwa kuwa Kariakoo nzima inaisimulia kila mtu kwa namna yake, na wengine wameshafika mahali pa kusema nilivuliwa nguo na polisi, leo nasimulia mwenyewe, na anayetaka kucheka acheke sasa amalize. Ni kweli, nilivuliwa nguo hadharani, mchana kweupe, kwenye gati la mtoni kule Guangzhou. Polisi hawakuwepo. Aibu niliipata, siikatai, lakini kuomba radhi siombi.

Miaka ile, mwishoni mwa tisini, sisi wanawake tuliokuwa tukifuata nguo China tulikuwa na mtindo wetu: mzigo ukizidi kilo, nguo unazivaa, maana mwili haupimwi. Unavaa gauni juu ya gauni, juu yake baibui, unaingia uwanja wa ndege unatembea kwa kuyumba, na binti wa kaunta anakutazama juu mpaka chini, anapima begi tu (mimi nimewahi kurudi na makoti mawili ya kiume, tena nimefunga Ramadhani).

Safari hiyo, chini ya nguo zote, nilivaa gauni la harusi la binti yangu Rukia. Shela jeupe la mikono mirefu, limeshonwa Kangle, mtaa wa mafundi wa kule kule Guangzhou, na fundi niliyemsimamia mpaka akanichukia, kwa vipimo vyangu, kwa sababu mimi na Rukia mwili ni mmoja. Harusi ilikuwa wiki ile ile. Kwenye begi sikuthubutu kuliweka, mabegi yanapotea, na hilo likipotea mwanangu ataolewa na nini? Juu yake nikapanga magauni ya dukani, na baibui likafunika yote.

Sasa ndege ilikuwa ya jioni na chumba nilishakirudisha. Mwenzangu Mama Odile, Mkongo wa Bukavu niliyekuwa nakula naye pale mtaa wa Dengfeng, akasema tusikae kwenye ngazi za watu, twende gatini tukapunge upepo, maana laoban wetu wa vitambaa (ndivyo tulivyowaita mabosi wote wa kule) alikuwa ametupa tiketi za bembea za pale gatini, za kutuagia. Nikamwambia mimi nimevaa duka zima, nikizivua nitazivalia wapi tena. Akasema sikuambiwa nivue, nimeambiwa nikae nibembee. Nikasema haya, na hiyo haya ndiyo iliyoniponza.

Gati lilikuwa limejaa magari ya kugongana, gurudumu kubwa la kupandisha watu juu ya mto, na merikebu ya chuma inayobembea mbele na nyuma mpaka watu wazima wanapiga mayowe. Mama Odile akachagua merikebu. Msichana wa kufunga viti akaja akavuta kile chuma cha kuzuia watu wasianguke, kikagoma kwa unene wangu, akakisukuma kwa mikono, kikagoma, mwishowe akakikalia. Chuma kikalia “ka!”, kikafunga.

Kubembea kwenyewe sitaki kukuzungumzia, nilisoma kila dua niliyofundishwa chuoni. Shida ilikuja merikebu iliposimama. Vyuma vya wenzangu vyote vikafunguka, changu hakikutikisika. Nguo zilikuwa zimekikaza kutoka ndani, kitasa hakina pa kupumulia. Akaja fundi wao, akagonga, akavuta, akanitazama tumbo, akaondoka, akarudi na mkasi wa kukatia mabati. Akanionyesha kwa mkono kwamba atapasua nguo kuanzia kiunoni. Yeye alikuwa anaona baibui jeusi tu. Mimi nilikuwa naona shela la Rukia vipande viwili, na ndege inapaa.

Kichina changu chote ni cha sokoni, cha kuhesabu na cha kukataa. Nikaukamata ule mkasi kwa mikono miwili, nikawa nasema meyo, meyo, yaani hakuna, hakuna kukata, na watu wakaanza kusogea.

“Bon, basi tutakuvua,” Mama Odile akasema. “Moja moja, zipitie kwa kichwa.”

Nikamwambia haoni watu walivyojaa.

“Naona. Chagua, mama. Uvuliwe ao ukatwe.”

Baibui likatoka. Likatoka gauni la maua, umati ukashangaa kuona chini kuna jingine. Likatoka la kijani, na hapo wakaanza kuhesabu kwa sauti moja, yi, er, san, watoto wamepandishwa mabegani, na mimi kila nikiibuka kichwa nakuta watu wameongezeka. Mtandio niliung'ang'ania kwa meno. Nilikuwa na hasira jamani, hasira na fundi, na laoban na tiketi zake, na zaidi na hii akili yangu. Mwanzoni niliinamisha kichwa. Halafu nikajiuliza, nimeiba? Nimemkosea nani hapa? Nikawatazama wote usoni.

Gauni la mwisho lilipotoka, wakaona jeupe. Kuhesabu kukakoma. Fundi akaweka mkasi chini, akavuta chuma kwa mkono mmoja, kikafunguka.

Sasa niambieni, mngefanya nini? Kukimbia sikuweza, gauni lina mkia. Na mimi shela sikuwahi kuvishwa. Niliolewa na kanga ya kuazima, baba amelazwa hospitali, hakuna hata mtu aliyepiga kigelegele. Basi nikasimama, nikanyanyua mkia wangu, nikashuka zile ngazi kwa mwendo wa bi harusi, taratibu, macho chini, na Mama Odile nyuma yangu, magauni yamemjaa mikononi, anapiga vigelegele vya kwao. Watu walipiga makofi, acheni. Bibi mmoja wa Kichina akaja akaniweka sawa pindo. Mpiga picha wa gatini akanipiga picha ya papo kwa papo, nikainunua.

Kwenye teksi Mama Odile akanivalisha magauni yote upya, dereva akitazama mbele kwa adabu zake, na ndege niliiwahi nikiwa wa mwisho.

Nyumbani ndipo nilipoliona doa la grisi kiunoni, pale chuma kilipokandamiza. Halikutoka kwa sabuni wala kwa ndimu. Nililia. Nikamweleza Rukia yote, na kwamba nimelivaa mbele ya watu kabla yake, na akiona nuksi tutakodi jingine. Akaichukua ile picha, akaisogeza dirishani penye mwanga.

“Walikupigia makofi, mama?”

Nikasema walinipigia.

“Basi navaa hili hili.”

Akalivaa na doa lake. Siku yenyewe, ukumbini, jirani yangu mmoja wa dukani (anajijua) akauliza kwa sauti ya kusikika eti ni kweli huko China watu wanavuliwa nguo. Nikamjibu mbele ya wote: “Kweli, walinivua, nikatoka bi harusi. Wewe umekuja na nguo zako zote mwilini, umetoka nani?”

Merikebu ya chuma sipandi tena hata nibebwe, hilo naapa. Magauni bado navaa moja juu ya jingine. Na picha nimeitundika dukani kwangu, juu ya kaunta. Anayetaka kucheka aingie acheke, lakini atoke amenunua.