Mume Aliyepimiwa na Mkewe

Shemeji yangu ni fundi bomba, na ni fundi kweli, hilo simnyimi. Ila akimaliza kazi hafungui mabomba yote ya nyumba. Anafungua moja tu, la jikoni, anayatazama maji, anasema, "Nyumba nzima safi," anakusanya spana zake na kuondoka. Huwa hakosei, na hapo ndipo kiburi chake kilipoota mizizi.

Mdogo wangu, mkewe, alipopata mimba alipimwa virusi vya ukimwi kliniki, akakutwa hana. Nesi akamwambia, "Baba naye aje." Baba akacheka mpaka akapaliwa.

"Mimi nimeshapimwa," akasema. "Si tunalala kitanda kimoja?"

Jamani! Mtu mzima na ndevu zake anapimiwa damu na mkewe.

"Shemeji," nikamwambia, "watu hulala pamoja miaka, mmoja anavyo na mwenzake hana. Ila mkeo akivipata sasa akiwa mjamzito, au baadaye akinyonyesha, na mtoto yumo hatarini."

Akajibu kwamba ana nguvu, anabeba mabomba ya chuma peke yake. Utamwambia nini mtu huyo? Virusi havipigi hodi. Mwanzoni ni homa kidogo, koo linawasha, unasema ni mafua. Kisha miaka inapita unanenepa tu, huku vinamaliza askari wa mwili taratibu. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Mshindo ulikuja kwa jina la mkanda wa jeshi: malengelenge ubavuni, upande mmoja, yanawaka hata shati halivaliki. Safari hii hakucheka. Nilimshika mkono nikampeleka kliniki mwenyewe, maana mdogo wangu tumbo lilishakuwa kubwa. Wakamtoboa kidole, wakachukua tone la damu, tukakaa kwenye benchi. Vikatoka vistari viwili: anavyo virusi. Wakarudia kwa kipimo cha aina nyingine, jibu likawa lilelile.

Hakuuliza habari zake. "Mke wangu je? Na mtoto?"

Nilikuwa nimetoka nyumbani na maneno makali ya kumpa. Badala yake nilikwenda kumleta mdogo wangu.

Mdogo wangu akapimwa upya: hana. Nesi hakushangilia. "Aliyeambukizwa juzijuzi kipimo hakimwoni bado," akasema. "Atarudi. Kwa sasa tumieni kondomu, mama tutampa dawa za kinga, na baba anaanza zake leo hii. Akizimeza bila kuruka, virusi vitapungua hadi kipimo kisivione, na hapo hatamwambukiza mkewe kitandani."

Fundi akauliza kama vikombe vya nyumbani vitupwe. Akaambiwa kikombe, choo, mbu, kushikana mikono, hakuna kinachoambukiza. Akaitikia "ndiyo" ya mtu ambaye hajasikia.

Mdogo wangu alirudi kupimwa, akarudi tena. Hana. Akajifungua binti mzima kabisa, mwenye sauti ya dalali. Nikadhani shughuli imekwisha.

Wapi! Baba mtu hakumgusa. Alisimama mlangoni akimtazama kila akitoka kazini, kisha anaenda kuoga. Siku aliyothubutu kuomba kumpakata, alikuja amevaa glavu zake nyeusi za kuzibulia vyoo, kazifua kwa sabuni ya unga. Mdogo wangu akageukia ukutani. Mimi nikawaka.

"Vua upuuzi huo! Kule uliambiwa nini?"

"Niliambiwa haambukizwi kwa kushikwa."

"Sasa?"

"Shemeji," akasema, "hata ile mara ya kwanza nilikuwa na uhakika."

Nilimvua glavu ya kulia, nikamvua ya kushoto. Mikono yake ilikuwa imelowa jasho. Nikamwekea binti yake mikononi, naye akalia bila kujificha. Mtoto akamkojolea. Nikanyoosha mkono nimpokee, akakataa kunipa.